Nyasi Ndizo Zinazolisha Fahali: Vita vya Usambara na Kazi ya Mhakiki

Utangulizi

Methali isemayo kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi inatajwa mno katika insha zetu. Kila tunapohakiki kazi yenye vita ndani yake, methali hiyo haikosi. Mwanafunzi akishaiandika huona kazi imekwisha: wakubwa wamegombana, wanyonge wameumia, dhamira imepatikana, twende swali linalofuata. Makala haya yanakusudia kuisimamisha methali hiyo kidogo mlangoni na kuiuliza swali moja tu. Fahali hao nguvu za kupigana wamezitoa wapi? Mfugaji yeyote atakujibu: wamekula nyasi. Zile zile zinazokanyagwa ndizo zilizowalisha.

Hoja yangu ni hii. Vita na mabavu mengine ya halaiki si hasira iliyofurika, wala si tabia ya asili ya kabila fulani. Ni kazi. Na kama kazi nyingine yoyote, ina watu wa kuipanga, mali ya kuigharamia, njia za kupitishia mahitaji, na lugha ya kuwafanya wanaoitenda waone kwamba wanatenda jambo la maana. Mhakiki asiyetazama mambo hayo atabaki kuwasifu mashujaa na kuwahurumia wahanga, lakini atakuwa hajaeleza kitu.

Mifano yangu mingi nitaitoa nyumbani. Mimi ni mtu wa Lukozi, kule juu Usambara, wilaya ya Lushoto, kwenye barabara inayokwenda Mtae. Wenzangu hapa chuoni wakisikia Lukozi hufikiria kabichi, karoti, viazi na baridi. Vita hawavifikirii kabisa. Lakini milima hiyo, katika muda wa miaka mia moja hivi, ilipitia vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vya wakoloni kwa wakoloni, na mabavu ya serikali yasiyoitwa vita. Kwa hiyo ni darasa zuri, tena halihitaji nauli ya kwenda Ulaya.

Maneno tuliyo nayo

Tuanze na maneno, maana sisi ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina ugomvi, fujo, ghasia, vurugu, mapigano, mauaji na vita. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba maneno haya hayatofautiani kwa idadi ya waliokufa tu. Yanatofautiana pia kwa kuangalia nani anatenda. Vijana wa mtaani wakirusha mawe, hizo ni fujo. Wakulima wakikataa amri, hizo ni ghasia. Serikali ikibomoa nyumba za watu, hiyo ni operesheni. Mabavu ni yale yale, lakini majina yanagawanywa kwa cheo.

Neno vita lenyewe lina jambo lake. Halina umoja. Hatusemi kita kimoja. Hata vita vikiwa ni vimoja tu huitwa vita vile, vita hivi. Sidai kwamba wahenga walikaa kikao wakaamua hivyo kwa falsafa. Nasema tu kwamba sarufi yetu inamkumbusha msomaji jambo la kweli: ndani ya kila vita mna mambo mengi yaliyofungwa pamoja, na kazi ya mchambuzi ni kuyafungua.

Wanasosholojia wamejaribu kuyafungua. Max Weber, mwaka 1919, alisema dola hutambulikana kwa kudai, na kufanikiwa kudai, kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kutumia mabavu katika eneo lake. Charles Tilly, mwaka 1985, alikwenda mbali zaidi akailinganisha kazi ya kujenga dola na ile ya majambazi wanaokutoza fedha ili wakulinde dhidi ya hatari wanayoileta wao wenyewe. Zygmunt Bauman, katika kitabu chake cha 1989 juu ya mauaji ya Wayahudi, alionyesha kwamba mauaji yale hayakutokea kwa sababu ustaarabu wa kisasa uliondoka. Yalitumia vyombo vya ustaarabu huo huo: ofisi, reli, mafaili na watumishi watiifu. Randall Collins, mwaka 2008, akaongeza kwamba binadamu si hodari wa mabavu kama sinema zinavyotuonyesha. Watu wakikutana uso kwa uso huogopa, hutetemeka, na mara nyingi huishia kwenye matusi. Na Siniša Malešević, mwaka 2010, akauliza: basi kama binadamu ni mwoga hivyo, mbona vita vya kisasa vimeua watu wengi kuliko vya zamani? Jibu lake kwa ufupi: kwa sababu ya mpango na itikadi. Mpango humpeleka mwoga vitani, na itikadi humweleza kwa nini yuko pale.

Sasa tusiishie kuwataja wakubwa hawa kama tunavyotaja watakatifu. Tuwapandishe mlimani tuone kama wanaweza kupumua.

Kutoka Vuga hadi Mazinde

Masimulizi ya Wasambaa humtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na hatimaye akafanywa mfalme Vuga. Ukoo wake ndio Wakilindi. Angalia jinsi simulizi hilo lilivyojengwa. Mtawala anaingia na silaha mkononi, lakini silaha hiyo inaua nguruwe na simba, si watu. Mabavu yake yanageuka kuwa chakula cha jamii. Hapo simulizi limeshaeleza, kwa lugha ya fasihi simulizi, kile ambacho Weber alikieleza kwa lugha ya chuo: kwamba watu wanaweza kumkubalia mtu mmoja ashike silaha iwapo wanaona faida yake.

Mfalme aliyeupanua sana utawala huo ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kuanzia karibu mwaka 1815 hadi 1862. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, akamkuta mtawala ambaye amri yake ilishuka milimani hadi karibu na pwani, na ambaye aliwaweka wanawe watawale sehemu mbalimbali. Mifugo na mazao ya kodi yalipanda kwenda Vuga. Njia ya mali ilikuwa ni njia ya kupanda.

Kisha njia ikageuka. Biashara ya misafara iliyotoka pwani ya Pangani na kufuata tambarare chini ya milima ilizidi kukua. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani. Nguo, baruti na bunduki zilikwenda bara. Mwana mmoja wa Kimweri, Semboja, alikuwa ametulia Mazinde, chini kabisa kwenye tambarare, pale pale misafara ilipopita. Kwa mujibu wa heshima ya zamani, Mazinde si kitu mbele ya Vuga. Lakini kwa mujibu wa bunduki, Vuga si kitu mbele ya Mazinde.

Kimweri alipofariki, aliyetawazwa Vuga ni mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja hakukubali. Kabla muongo ule wa 1860 haujaisha, Shekulwavu alifukuzwa Vuga, akafariki, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe kwenye kiti cha ufalme. Yeye akabaki Mazinde. Hebu fikiri, msomaji: mtu ameshinda vita vya kugombea mji mkuu, halafu hataki kukaa humo! Kwa nini? Kwa sababu alijua nguvu zake zinatoka wapi. Kiti kilikuwa mlimani, lakini baruti ilipita barabarani.

Hapa ndipo penye kiini. Bunduki hainunuliwi kwa heshima. Inanunuliwa kwa pembe au kwa mtu. Ndovu wakipungua, anabaki mtu. Kila Mkilindi aliyetaka kupigana na nduguye alihitaji bunduki, na ili kuzipata aliwageukia raia, akiwakamata kwa makosa makubwa na madogo, wakauzwa pwani. Mateka wa vita hivi waligharamia vita vinavyofuata. Raia aliyekuwa akilindwa na mfalme sasa akawa ndiye fedha ya mfalme. Nyasi zimeliwa, fahali amepata nguvu, na kwa nguvu hizo anazikanyaga nyasi zilizosalia.

Wabondei, waliokuwa upande wa mashariki chini ya utawala huo, walichoka. Wakainuka katika uasi unaojulikana kama Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Ndiyo, kulikuwa na hasira. Lakini hasira ya Kiva ilikuwa na hesabu yake: watu walikuwa wanakataa kuwa bidhaa. Anayeandika kwamba Wabondei na Wakilindi walikuwa na chuki ya asili amesoma mwisho wa hadithi akauita mwanzo.

Nguvu kwa nguvu

Jambo linalonifurahisha ni kwamba Wasambaa wenyewe walikuwa na nadharia ya mambo haya. Mwanahistoria Steven Feierman aliikusanya kwa wazee na kuieleza katika vitabu vyake viwili, cha 1974 na cha 1990. Kuna kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuna kuzifya shi, yaani kuiponya. Nchi huharibika panapokuwa na nguvu kwa nguvu: watawala wawili au zaidi wenye uwezo unaokaribiana, kila mmoja na dawa zake za mvua, kila mmoja akivuta kwake. Hapo mvua hukatika, njaa huingia. Nchi hupona nguvu ya mmoja inapozishinda nyingine zote, kwa sababu mtawala aliyetulia huiona nchi kuwa mali yake, na mtu hawezi kuiharibu mali yake mwenyewe.

Msomaji wa haraka atasema hayo ni ya mvua na uganga. Polepole, bwana. Mchumi wa Kimarekani Mancur Olson aliandika mwaka 1993 kwamba jambazi anayepita hupora kila kitu, lakini jambazi anayekaa mahali pamoja huacha kitu ili kesho apate kupora tena, na hata huanza kuwalinda anaowapora. Waliomsoma waliona ni wazo jipya. Wazee wa Usambara walikuwa wamekwisha kulisema, tena wakaongeza kitu ambacho Olson hakukisema: kwamba ugomvi wa wakubwa hupimwa kwa shibe ya wadogo. Mvua ni kipimo. Mkulima asiyejua kama kesho atakuwepo au ameuzwa hapandi cha kutosha. Ghala lililochomwa halina mbegu. Kijiji kilichohamia msituni hakina shamba. Njaa inayofuata vita haitoki angani tu.

Lakini mimi sitaki kuisifu nadharia hii bila kuihakiki. Ina mwenyewe. Ukiisikiliza vizuri utaona inamfaa sana mfalme: inasema dawa ya mabavu ya wengi ni mabavu ya mmoja. Raia anaambiwa achague kati ya fahali mmoja aliyeshiba na fahali wawili wenye njaa. Haambiwi kwamba anaweza kulifunga zizi. Kiva ndiyo ilikuwa jaribio la kulifunga, na ndiyo maana katika masimulizi ya watawala ilionekana ni wazimu.

Wapagazi na mzigo

Utawala wa Wajerumani ulidai kuimaliza nguvu kwa nguvu kwa kuweka nguvu moja. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja aliyekuwa mfalme Vuga, na kuonyesha kwamba haki ya kuua sasa ni yao. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya milima yetu, mwaka 1905, na baadaye Moshi. Ilijengwa kwa ajili ya mazao ya walowezi. Lakini Novemba 1914 Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kwa jeshi lililotoka Uhindi, reli hiyo hiyo ndiyo iliyoteremsha askari wa Wajerumani kutoka upande wa Moshi, na Waingereza wakashindwa. Mali na vita vilipita kwenye chuma kimoja. Bauman angetikisa kichwa.

Waingereza walirudi mwaka 1916 wakaiteka Usambara, na vita vikasogea kusini, kwenye nchi isiyo na reli. Hapo ikaja zamu ya mabega. Tufanye hesabu ya kawaida. Mpagazi abebe kilo 25 za unga na ale kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Anachomfikishia askari ni kilo 5. Sasa ukitaka kumlisha askari mmoja kwa njia hiyo unahitaji wapagazi wangapi? Ndiyo maana waliochukuliwa upagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, si kwa risasi. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya maana haikuwekwa.

Jeshi hilo la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo. Kila jioni malori ya mboga yanapoondoka upande wa Lukozi kwenda Dar es Salaam, yanakwenda kushusha mizigo mahali palipopewa jina la watu waliokufa wakibeba mizigo. Mjini kwetu hakuna mnara wa vita unaotajwa mara nyingi kwa siku kuliko huo, na wengi wanaoutaja wanauliza bei ya nyanya tu. Sisemi hivi kuwalaumu. Nasema kwamba lugha imehifadhi kumbukumbu ambayo vitabu vyetu vya fasihi vimeiacha. Tuna tenzi za wapiganaji. Utenzi wa mpagazi uko wapi?

Matuta ya Mlalo

Kuna mabavu yasiyo na bunduki pia, na haya yalitokea jirani kabisa na Lukozi. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Wakulima waliamriwa kutengeneza matuta kwenye miteremko ya milima. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hilo halina ubishi. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Mavuno hayakuongezeka kama walivyoahidiwa. Na asiyetii alishtakiwa na kutozwa faini. Watu wakakataa. Wengine walikataa waziwazi, wengine kwa kulima vibaya makusudi. Malalamiko hayo yakaja kuwapa nguvu TANU, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha mabavu ya kisasa yanavyozungumza. Hayasemi nitakupiga. Yanasema nakusaidia. Amri inakuja imevaa koti jeupe la mtaalamu. Pili, unaonyesha kwamba halaiki haiendi moja kwa moja kwenye umwagaji wa damu kila inapoonewa. Majirani zetu Wapare, mwaka 1945, walikusanyika Same kwa maelfu kupinga kodi ya mbiru, wakakaa pale bila kuua mtu. Kama umati ungekuwa ni baruti inayosubiri kiberiti, basi Same pangelipuka. Hapakulipuka, kwa sababu hata kutotumia mabavu kunahitaji mpango.

Kazi ya lugha

Tumeona mpango na mali. Imebaki lugha, na kwa hili naomba tutoke milimani twende magharibi ya mbali. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 nchini Rwanda waliuawa watu wapatao laki nane kwa makadirio yanayotajwa zaidi. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, upande wetu, kwa muda wa siku moja tu hivi. Maelezo yaliyosikika duniani kote yalikuwa mepesi: chuki za kale za kikabila.

Sasa tazama maneno. Redio RTLM na wapangaji wa mauaji waliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Na kitendo chenyewe cha kuua kiliitwa kazi. Wanakijiji waliitwa kazini, wakakusanywa na viongozi wa mitaa, kwa utaratibu ule ule uliotumika kuwaita kwenye kazi za jumuiya. Vizuizi vikawekwa barabarani, vitambulisho vikakaguliwa, orodha zikasomwa. Chuki ya kale haihitaji orodha. Orodha ni kitu cha ofisi. Hapo Weber, Bauman na Malešević wanakutana, na hapo mtu wa fasihi anapata kazi yake, maana sitiari ya mende ni sitiari, na tafsida ya kazi ni tafsida. Vitu hivyo tunafundishwa darasani kama mapambo ya lugha. Kumbe vinaweza kuua.

Maswali matatu kwa kazi ya fasihi

Basi mhakiki afanye nini? Napendekeza kila tunaposoma kazi yenye vita tuiulize maswali matatu.

La kwanza: ni nani anavilisha vita hivi? Chukua Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi zama zile zile na kuwajua Wakilindi kwa karibu. Kitabu hiki hutajwa zaidi na wanahistoria, nasi tunakipita kana kwamba si nathari ya Kiswahili. Lakini kimejaa mazungumzo, mashauri, wajumbe wanaokwenda na kurudi. Ukikisoma kwa kutafuta shujaa utachoka, maana wakubwa ni wengi na wanageukana. Kisome kwa kufuata mali, bunduki na mateka, utaona msuko wake umesimama.

La pili: ni nani anavipa jina, na jina hilo linamfaa nani? Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, neno maji linawaunganisha watu waliokuwa wamegawanyika, kisha linamponyoka aliyelitamka. Sisi hupenda kubishana kama Kinjeketile ni shujaa au ni mwongo. Swali hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mtu anakataa mwishoni kulikana neno ambalo anajua halikuzuia risasi, kwa sababu akilikana, watakaozaliwa wataambiwa kwamba waliokufa walikufa bure. Hussein ameionyesha itikadi kutoka ndani, mahali ambapo mwanasosholojia hafiki kwa urahisi.

La tatu: ni nani anayelipa baada ya tarumbeta kunyamaza? Vita vya Maji Maji vinaandikwa 1905 hadi 1907, lakini wengi waliokufa waliuawa na njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Tarehe ya kumalizika kwa vita ni ya jeshi. Ya mkulima ni siku atakapovuna tena. Na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, tunausoma kama habari ya Hitler na mataifa makubwa. Sawa. Lakini wakati ule ule, Wajapani walipoziteka nchi za Asia zilizotoa nyuzi za kamba, serikali hapa Tanganyika iliwachukua watu kwa lazima wakafanye kazi kwenye mashamba, ya mkonge yakiwemo. Vita vya dunia vilikuwa vimefika kwenye mkonge wa Tanga. Msomaji anayejua hilo ataanza kusikiliza pia yale ambayo utenzi hauyasemi.

Najua yuko mwenzangu atakayesema: haya si fasihi, haya ni sosholojia, unatuchanganyia masomo. Namjibu hivi. Fani ya kazi haielei hewani. Uamuzi wa mtunzi kuanza na mfalme badala ya mpagazi ni uamuzi wa fani. Uamuzi wa kumpa mateka sauti au kumnyima ni uamuzi wa fani. Anayetaka kulichambua umbo bila kujua nini kimeachwa nje ya umbo hilo, anachambua gunzi akidhani ni hindi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mabavu ya halaiki yanapangwa, yanagharamiwa na yanasemwa. Usambara ya Semboja ilionyesha jinsi biashara inavyoweza kumgeuza raia kuwa fedha ya kununulia silaha. Vita vya 1914 vilionyesha kwamba anayebeba unga huweza kufa wengi zaidi kuliko anayebeba bunduki. Mlalo imeonyesha mabavu yenye adabu. Na Rwanda imeonyesha kwamba neno moja lililochaguliwa vizuri linaweza kuufanya uuaji uonekane ni zamu ya kazi.

Haya si mambo ya mitihani tu. Kila tunaposikia kwamba watu fulani, mahali fulani, wamechinjana kwa sababu ndivyo walivyo, tunapewa ruhusa ya kutouliza nani aliyetoa fedha, nani aliyeandika orodha na nani aliyetunga jina. Sisi tuliojifunza kuuliza kwa nini mshairi kachagua neno hili na si lile, hatuna udhuru wa kunyamaza mbele ya maneno hayo.

Methali yetu tusiitupe. Tuikamilishe tu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Lakini mkulima mwenye akili hatazami fahali tu. Huangalia malisho, na huuliza ni nani aliyeacha zizi wazi. Wenzangu mnaohakiki Kinjeketile muhula huu, anzeni na swali hilo, na anayeona nimekosea alete hoja zake katika toleo lijalo.